Nilivyokufa Hadi Elwak

Wenzangu, mmeniuliza sana kwa simu, nami kila mara nimejibu "nitawaambia" kisha nikalala. Nilirudi na uchovu usioisha kwa kulala. Sasa nimepata nguvu ya kukaa na kuandika, na ninawaandikia nyote kwa pamoja, nisije nikasimulia vipande vipande, huyu akapata mkia na yule akapata kichwa. Habari za vibali na nani alilipia gari naziruka. Hazikuwa na utamu hata kwangu niliyekuwepo.

Kazi yangu mnaijua. Nimesimama jukwaani hapa Garissa tangu nikiwa msichana. Nimeigiza vitabu vya mitihani mbele ya wanafunzi waliotaka tu kujua swali litatoka wapi. Nimeigiza maji safi, nimeigiza chanjo, nimeigiza mke wa dereva mlevi kando ya barabara, malori yakipita na kutufunika vumbi. Wanawake wa kazi hii huku kwetu ni wachache, na msichana akiolewa huacha, kwa hiyo mimi nilifanywa mama nikiwa bado kijana, na mama nimebaki. Yunis, anayeigiza kitinda mimba wangu, nimemzaa katika michezo mingi kuliko ninavyokumbuka.

Mchezo wa safari hii ulikuwa wa mama mwenye ngamia na wana wawili waliokosana. Mama anaumwa, anawaita wapatane. Wanakuja, wanabishana juu ya kichwa chake, naye anakata roho wakiwa bado wanabishana. Ulitungwa na Kassim, kiongozi wa kikundi chetu, na yeye ndiye mwana mkubwa. Musyoka alikuwa dereva na mtu wa vipaza sauti. Kisomali chake hakivuki salamu, lakini anajua kila mahali pa kucheka.

Wa tano alikuwa mjomba wangu, Abti Gedi, ndugu wa mama yangu. Kwa Kisomali neno hilo ni la pande zote mbili: mimi namwita abti, naye ananiita abti. Mimi ni mjane, watoto wangu wana watoto wao, lakini ndugu zangu walishikilia kwamba sitafika Elwak, kule mpakani, na wanaume watatu bila mtu wa nyumbani. Abti alichunga ngamia maisha yake yote hadi, kama tulivyoamini, ukame ulipommalizia, na tangu hapo anaishi kwangu. Alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba hatatazama. Kwake, mtu mzima kujifanya mtu mwingine mbele za watu ni uongo unaopigiwa makofi.

Garissa hadi Hagadera

Tulipanga kuondoka alfajiri, tukaondoka jua limeshapanda, kwa sababu Abti hakupata mahali pa kuweka birika lake la kutawadhia. Aliliweka miguuni, likamsumbua. Akaliweka nyuma ya kiti, likaanguka. Mwishowe akalipakata kama mtoto, na hivyo ndivyo lilivyosafiri hadi mpakani. Yeye alikaa mbele na Musyoka. Mimi, Kassim na Yunis tulibanana nyuma, na mizigo ya jukwaani ilifungwa kwa kamba kwenye bodi ya pikapu: kitanda cha kamba, mikeka, vipaza sauti na jenereta ndogo.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliuliza sisi ni nani. Kassim akasema waigizaji. Askari akauliza tunaigiza nini, na Yunis, aliyekuwa nusu usingizini, akamjibu kwamba mama anakufa. Askari akachungulia ndani, akaniona nimeegemea kioo na mtandio usoni. Aliniangalia kitambo, akaniambia pole mama, akatufungulia njia bila kupekua kitu. Hakuna aliyemsahihisha.

Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, tulipewa uwanja karibu na soko. Musyoka alipowasha vipaza sauti kujaribu, moja, mbili, watu walianza kutoka kwenye vichochoro wakija mbio, wanawake mbele, wengi wameshika kadi zao mkononi. Mikokoteni ya punda nayo ikaja, mitupu, ikajipanga upande mmoja. Ilituchukua muda kuelewa. Pale kambini, sauti kubwa uwanjani ni sauti ya mgao. Kassim akapanda juu ya kreti akaeleza kwamba hatugawi kitu, tumeleta mchezo. Mwanamke mmoja mrefu aliyekuwa mbele kabisa akamwuliza, kwa upole sana, mchezo huliwa na nini. Watu wakacheka. Nusu yao wakaenda zao, na wenye mikokoteni wakawatukana punda badala ya kututukana sisi.

Waliobaki walitazama kwa umakini ambao hata mjini siupati. Kamba za kitanda zilinikata mgongo, joto lilitoka chini na juu, na nilipokata roho nilisikia wanawake wakilia kweli. Mwisho wa mchezo, Kassim na Yunis hunifunika kwa shuka nyeupe, na hapo ndipo ninapopumzika. Chini ya shuka naweza kupumua, naweza kujikuna, naweza hata kuwaza kitakacholiwa jioni. Shuka ile ilikuwa chumba changu.

Baadaye yule mwanamke mrefu alikuja nyuma ya gari, akanishika mkono kuhakikisha una joto. Aliniuliza ngamia walichukuliwa na nani. Nikamwambia mchezo hausemi. Wana wanabaki na maiti, basi. Akanitikisia kichwa kama mtu aliyeletewa chakula kibichi.

"Basi hamjamaliza," akasema.

Nilimpelekea Kassim maneno hayo. Alikuwa anakunja nyaya, hakuinua uso. Alisema anajua, kwamba mwisho wa mchezo umekuwa ukimkimbia tangu auandike. Abti tulimkuta kwenye kibanda cha chai, amepata habari zote za mvua kutoka huku na huko, na hakuuliza chochote kuhusu tulichofanya.

Mchangani hadi Habaswein

Njia ya kutoka kambini kwenda Habaswein ni mchanga, vichaka, na mchanga tena. Gari lilizama mara nyingi, na kila lilipozama tulishuka, tukakata matawi, tukayalaza chini ya magurudumu, tukasukuma. Mchana lilizama likagoma kabisa. Musyoka akalala chini ya gari, akasema ametazama na kwamba ametazama tu, hajaelewa.

Familia ya wachungaji ilikuwa imepiga kambi karibu. Baba wa nyumba alikuja na maziwa ya ngamia kwenye chombo chenye harufu ya moshi, tukanywa kwa zamu. Nilimwona Abti akibadilika mbele ya macho yangu. Mgongo ulinyooka, sauti ikapanda. Wakakaa chini ya kivuli na yule mwenyeji, wakaulizana habari za malisho, za visima, za ukoo wa nani amekwenda wapi. Mimi nilijilaza juu ya mkeka wa jukwaani nikasinzia.

Nilizinduliwa na mbuzi. Kundi zima lilikuwa limeletwa kando ya gari, na vijana wawili walikuwa wanawashika mmoja mmoja miguu ya nyuma, wakisubiri. Mwenyeji alimwambia Kassim kwamba wako tayari, tuanze na wale wenye kikohozi. Kassim akanitazama, nami nikamtazama Abti. Abti alikuwa anachunguza birika lake.

Ikabainika kwamba yule mtu alikuwa ameuliza sisi ni wa kazi gani, na Abti akamjibu kwamba ni watu wa chanjo ya mifugo. Kassim aliomba radhi kwa maneno mengi, akasema dawa zimebaki Garissa. Lilikuwa jambo la aibu, kwa sababu tulikuwa tumeshakunywa maziwa. Mwenyeji hakukasirika. Aliwaachia mbuzi, akaleta watu wake wakasaidia kusukuma, na gari likatoka.

Tulipokuwa tumeondoka, nilimwuliza Abti kwa nini alisema vile. Hakugeuka.

"Ningesema nini, abti? Kwamba mtoto wa dada yangu anazunguka nchi akifa mbele za watu?"

Nikavuta mtandio usoni. Nilikuwa nimechoka, na halikuwa swali.

Habaswein tulifika njaa imetutoa heshima. Hotelini kijana alituambia, "Bilau imekwisha. Iko chabati na subu." Tulikula chapati na supu kana kwamba ni karamu. Pale hatukuigiza. Tulilala tu, mimi katika chumba cha wanawake nyuma ya jiko, kwenye godoro lenye bonde katikati, na mwili wangu wote ukiingia bondeni.

Wajir

Kutoka Habaswein, barabara ilikuwa inatengenezwa, kwa hiyo tulipita kando yake na si juu yake, nyuma ya malori ya kokoto. Tulifika Wajir tumekuwa weupe kama nyumba zake. Chai ya Wajir ina chumvi ya visima vyao. Wenyeji hawaionji tena, lakini Musyoka aliirudisha mara mbili akidhani mpishi amekosea mkebe, mpaka mpishi akaja mwenyewe kumwangalia.

Taabu ilitukuta kabla hata hatujafungua mizigo. Wazee watatu walikuja kwa adabu, wakanywa nasi chai, wakamwambia Kassim wamesikia habari za mchezo wetu na wanaupenda, kwa kuwa ndugu kukosana ni jambo linalowasumbua hata wao. Lakini shuka nyeupe haitakiwi. Mkubwa wao alisema sanda si nguo ya mchezo, na mtu mzima anayejifunika sanda kila siku anaita jambo ambalo litakuja lenyewe bila kuitwa.

Kassim alibishana kwa upole mpaka chai ikapoa. Alipendekeza shuka ya rangi, wakakataa. Kufunika ni kufunika. Nami, kwa kuwa nilitaka tu tumalize nikaoge, nikasema basi nisifunikwe. Nife uso wazi, wana wakae kando yangu, mchezo uishie hapo. Wazee wakaridhika.

Sikujua nimejitafutia nini. Kufa chini ya shuka ni kulala. Kufa uso wazi ni kazi. Siku ile nilijifunza kupumua kwa tumbo, chini kabisa, polepole, hewa iingie bila kifua kuinuka. Nzi alitua kwenye kope langu akatembea hadi kwenye mdomo, na mimi maiti. Yunis alimfukuza kwa mkono, taratibu, kama mtoto anayemfukuzia mama yake nzi, na watu wakaguna kwa huruma. Nilitoka pale shingo imekaza, kichwa kinaniuma. Nilimwambia Kassim mgongo wangu umefika mwisho, kwamba tukirudi nitatafuta kazi ya kukaa kwenye kiti. Alisema nimekuwa nikisema hivyo tangu amfahamu mke wake.

Abti alikuwa msikitini, kisha kwenye kibanda cha chai, kisha kwenye gari akisubiri.

Kizuizini, kabla ya Elwak

Magari ya kwenda upande wa mpaka yalikuwa yanakwenda kwa msafara na askari. Tukaambiwa tungoje kizuizini, askari wanakuja. Tulingoja asubuhi nzima, na mchana tukaambiwa wameshafika ila gari lao halina mafuta. Kulikuwa na malori ya mifugo yakirudi matupu, basi moja, na sisi. Mama mmoja wa basini aligawa tende kwa kila aliyekuwa kivulini, bila kuuliza mtu ni wa nani. Kassim alisinzia amesimama.

 Nilimletea Abti chai, akaishika bila kuinywa, akitazama barabara. Kisha akaniambia kwamba barabara hii aliwahi kuingoja kutoka upande wa pili. Nikamwuliza lini. Akasema, wakati wa mama yako.

Niwaeleze wale msiojua. Mama yangu, Dahabo, aliumwa kidogo tu, akafa. Tulimpigia simu kila aliyeweza kumfikia Abti, kwa sababu wakati huo alikuwa na ngamia wake ng'ambo ya mpaka. Mazishi hayakumngoja, hayamngoji mtu. Alifika Garissa mikeka ya matanga imeshakunjwa. Hakueleza, na hakuna aliyemwuliza. Katika ukoo ilisemwa kwamba ngamia walimshinda dada, na maneno hayo yakakaa kama kisu kilichosahauliwa mezani, kila mtu akipita mbali nayo. Hata mimi niliyemkaribisha nyumbani kwangu sikuwahi kuyagusa.

Pale kizuizini nilidhani ataendelea. Lakini askari walikuja, injini zikawashwa, naye akalichukua birika lake.

Elwak

Tulikuwa tumepangiwa uwanja ulio kando ya soko la mifugo. Upepo ukaamua vinginevyo. Ulianza adhuhuri, ukainua vumbi jekundu mpaka ngamia sokoni wakaupa mgongo na kufumba macho. Vibanda vya chai vilishusha mabati. Mwalimu mmoja akatufungulia bwalo la shule, na watu wakaingia kwa wingi, wengine kwa ajili ya mchezo, wengine kwa ajili ya ukuta. Wachuuzi wa mbuzi walikaa chini na fimbo zao. Mbele kulikuwa na mwanamke mgeni kutoka Nairobi, aliyekuwa akizunguka kutafuta michezo ya kupeleka kwenye tamasha kubwa huko. Kassim aliniambia hayo mara mbili.

Nilikuwa nimeshalala kitandani, mgonjwa, mchezo umeanza, nilipomwona Abti akiingia. Hakuwa na pa kwenda. Alisimama karibu na mlango, uso ameuelekeza ukutani kama mtu anayesubiri mvua ikatike, amekumbatia birika lake.

Wana walikuja. Wakabishana. Kassim siku hiyo aliigiza kama mtu anayedaiwa uhai wake, na Yunis akamfuata. Nilisema maneno yangu ya mwisho, nikageuza kichwa, nikafa. Uso wazi. Niliingiza hewa kwa tumbo, chini, polepole. Hapo wana hunyamaza, hukaa kila mmoja upande wake, na Musyoka akishahesabu moyoni mwake huzima taa yetu na mchezo unakuwa umekwisha.

Nikasikia hatua. Zilikuwa za kandambili, nazijua, hupita mlangoni kwangu kila alfajiri. Nikasikia birika likiwekwa sakafuni, na magoti ya mzee yakilia anapokaa. Harufu ya moshi na tumbaku ilikuwa karibu na sikio langu.

"Dahabo," akasema. "Ni mimi, Gedi. Nimefika."

 Mnajua watu huniambia nimechukua sura ya mama, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi. Sikuwahi kufikiria hilo kama jambo la jukwaani.

"Gari halikuwepo," akasema. "Nilikaa hapa hapa Elwak, mvua inanyesha, barabara imekatika. Kila lori nilisimama mbele yake. Wakasema nilichagua ngamia. Ngamia niliwaachia mtu nisiyemjua jina, Dahabo. Sikuwaona tena. Hata sikuwatafuta."

 Alikuwa anapumua kama aliyepanda kilima.

"Sikukuaga. Nimekuja kukuaga."

Niliwaza mambo mengi kwa muda mfupi. Niliwaza nifungue macho nimshike mkono, nimwambie abti, ni mimi. Mwili wangu wote ulitaka hivyo. Lakini watu walikuwa wamejaa, na kama ningefungua macho, wangemwona mzee aliyechanganyikiwa kati ya mchezo na kweli, na kicheko kingeanza mahali fulani nyuma. Nilibaki maiti. Chozi likanitoka lenyewe, likateremka upande wa sikio, upande wake. Hakuna nilichoweza kulifanyia.

Aliyetuokoa ni Yunis. Alisogea, akampa Abti nafasi kando ya kichwa changu, akamwambia kwa sauti ya chini, ile anayozungumza nayo nyumbani, "Karibu, Abti. Kaa na sisi." Kisha nikasikia Kassim, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, akizunguka, akaja kukaa upande wetu, karibu na mdogo wake. Hilo halikuandikwa popote. Wote watatu wakakaa upande mmoja, na Musyoka, Mungu ambariki, akahisi bila kuelewa neno, akazima taa.

 Makofi yakaja mengi. Taa zilipowashwa Abti alikuwa amesimama, analitafuta birika lake. Wachuuzi walikuja kumshika mkono mmoja mmoja, wengine wakimpongeza, wengine wakimpa pole, na yeye akiwajibu wote sawasawa, amin, amin. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo alimwuliza Kassim mzee huyu amefundishwa wapi.

Mimi nilikaa kwenye kitanda cha kamba, sikuweza kuinuka. Si kwa huzuni peke yake. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa zile kamba.

Asubuhi, upepo umetulia, Kassim alinikuta nikila mkate wa anjera nje ya nyumba tuliyolala. Hakukaa. Aliniambia kwamba yule mwanamke wa Nairobi anautaka mchezo wetu kwenye tamasha, kama ulivyokuwa jana, pamoja na yule mzee. Alisema ule ndio mwisho aliokuwa anautafuta. Wana wanapatana kwa sababu mtu mwingine amekuja na jambo zito kuliko lao.

Nilijua ni kweli. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuwa kwenye jambo kubwa kama lile, na kazi yangu ndani yake ilikuwa kutofanya kitu. Nilimwambia yale hayakuwa maneno ya mchezo, ni maneno ya mama yangu. Akasema anajua, na kwamba ndiyo sababu hataniomba mimi, atamwomba mwenyewe. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia. Nilikuwa naitaka Nairobi, nawaambia ukweli. Nilitaka kulala kwenye jukwaa lenye mbao na taa za juu, mara moja, kabla mgongo haujanimaliza.

Abti alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta akisugua meno kwa mswaki wa mti. Kassim alichuchumaa pia. Alimweleza yote kwa heshima, tamasha, safari, kulala pazuri, watu wengi watakaosikia. Abti alimsikiliza mpaka mwisho. Alitema mate pembeni, akafuta mdomo.

"Kassim, mwanangu, nimeshasema," akamwambia. "Mtu haagi mara mbili."

Kassim alikaa pale kidogo zaidi. Kisha akasimama, akaenda kumsaidia Musyoka kufunga kitanda.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kama kwenda, bila matumaini ya kufika mahali papya. Msafara, vumbi, malori ya kokoto. Wajir tulikunywa chai, na safari hii Musyoka hakuirudisha. Kassim hakusema mengi, lakini hakununa. Yunis alishikwa na homa, akalala kichwa kikiwa begani kwangu njia nzima, mzito kama gunia la mchele.

Kutoka Habaswein hatukupita tena mchangani kupitia kambini. Tulifuata barabara ya Modogashe. Tulisimama gurudumu lilipopasuka, na wanaume walipokuwa wanalibadilisha tulikaa mimi na Abti kwenye kivuli kidogo cha mgunga. Nilikuwa nimebeba swali tangu Elwak. Mwishowe nikamwuliza kama aliponiona pale kitandani alidhani ni mama.

Alinigeukia, akaniangalia kama ninavyomwangalia mjukuu aliyesema jambo la kipuuzi.

"Abti, unaniona nimezeeka kiasi hicho? Nilijua ni wewe. Nilikuona ukipumua."

Nikasema nilijitahidi sana kupumua kwa tumbo. Akasema kwa wengine ilitosha, lakini yeye amekaa na ngamia wanaokufa na anajua tumbo lililo hai. Kisha akachora kitu mchangani kwa kidole, akakifuta.

"Kaburini kwake nimesimama mara nyingi," akasema. "Nasoma fatiha, nageuka. Maneno hayatoki. Pale ulilala na uso wake, na watu hawanijui. Yakatoka." Akapangusa mchanga kidoleni. "Ungefungua macho, ningeaibika."

"Ndiyo maana sikufungua."

Akaitikia kwa kichwa. Musyoka akaita kwamba gari liko tayari.

Tulishuka Garissa jioni mapema, joto bado limekaa barabarani. Yunis tulimfikisha kwao kwanza. Tulipokaribia njia ya makaburi Abti alimgusa Musyoka mkono, akamwomba aingie pale. Mimi nilibaki garini, na Kassim akabaki nami. Kupitia kioo chenye vumbi tulimwona mzee akiingia kati ya miti ya miiba, anatembea polepole, mikono mitupu kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Hakukaa sana. Nimeona watu wakikaa pale zaidi kwa jirani wasiyempenda.

Aliporudi alikuwa na vumbi magotini. Alipanda, akafunga mlango, akalichukua birika lake kutoka kitini.

"Twende," akasema. "Nina njaa."